Matembezi ya picha Kigoma: watu 12, tuanzie Kibirizi au Ujiji?

Binti Mwanga:

Habari wakuu. Hapa Kigoma mjini tumejikusanya watu 12 tunaopenda picha, hakuna anayekula kwa kazi hiyo. Watano tuna kamera za kubadilisha lenzi, nyingi za zamani zikiwa na lenzi ile ya 18-55 inayotoka nayo dukani. Waliobaki wanatumia simu. Kwenye kundi la WhatsApp maneno ni mengi, kutoka nje hakuna, kwa hiyo tumekubaliana iwe Jumamosi moja kila mwezi.

Tunafikiria kuanza na mwalo wa Kibirizi: boti zikiingia asubuhi, dagaa wakianikwa, halafu jioni turudi kwa machweo na taa za wavuvi. Mwezi unaofuata twende Ujiji. Wapo wanaotaka bandarini na stesheni, na mmoja ana droni anawashwa kuirusha ziwani.

Naomba msaada kwa wanaojua: ruhusa inaombwa kwa nani hasa? Saa zipi zinafaa? Kwa nini watu wa mwaloni wanakuwa wakali wakiona kamera, na tufanyeje? Na wenye simu tuwapange vipi ili wasijione wamekuja kuwabebea wenzao mabegi?

---

Mzee Bangwe:

Binti, karatasi kwanza. Mwalo una wenyewe. Upo uongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na ipo serikali ya mtaa. Nendeni wawili tu, bila kamera, siku ya katikati ya wiki kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, samaki wakiwa wameshashushwa na pilikapilika za kuuza zimepungua. Mkifika alfajiri hakuna atakayewasikiliza, na mkifika jioni kila mtu anaandaa chombo.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Iandikwe kwa mwenyekiti wa BMU, nakala kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Ndani yake: majina na simu za wote 12, tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, sehemu mtakazopita, na sentensi inayosema wazi kwamba ni kwa ajili ya kujifunza, si habari wala tangazo la biashara. Pelekeni siku 7 kabla. Ombeni igongwe mhuri au isainiwe, kisha kila kiongozi wa timu awe na nakala mfukoni. Picha ya barua kwenye simu haitoshi, kwa sababu simu huzima chaji wakati ule ule askari anapouliza.

Kuhusu ukali wa watu: mvuvi akiona lenzi anafikiria doria. Picha ya wavu wenye matundu madogo au ya kokoro, ule wavu wa kukokota uliokatazwa, ni ushahidi, na hata mwenye wavu halali hajui picha ile itaishia kwa nani. Wengine watawadhania watu wa mapato. Kwa hiyo mkizungumza na uongozi, tamkeni wenyewe kabla hamjaulizwa: hatutapiga nyavu kwa karibu wala namba za usajili za vyombo bila mwenye chombo kuridhia. Maneno hayo yanafungua njia kuliko barua yenyewe. Ombeni pia mtu mmoja wa BMU awatembeze kwa saa ya kwanza. Akionekana na ninyi, nusu ya maswali yanaisha.

Watu 12 wakivamia pamoja ni wengi mno. Gawaneni timu 3 za watu 4: moja kwenye boti, moja kwenye vichanja na maanikio, moja kwenye njia ya wachuuzi na wapakiaji. Badilishaneni kila baada ya dakika 40. Sheria isiyovunjwa: mtu mmoja anapigwa na kamera moja kwa wakati mmoja. Lenzi nne zikimzunguka mama anayegeuza dagaa, hata kama alikubali, sura inabadilika na picha zote nne zinakuwa za mtu aliyekaza uso.

Bandari na stesheni msiingie na kamera bila kibali cha maandishi cha mamlaka zenyewe. Jengo la stesheni ni la enzi za Wajerumani, reli ilifika hapa 1914, na linatamanisha kweli, lakini mwombe mkuu wa stesheni kwa siku yake, msilichomeke kwenye safari ya Kibirizi. Vituo vya polisi, maeneo ya jeshi, uwanja wa ndege, nyumba za serikali na kambi za wakimbizi: acheni kabisa. Mwenye droni aiache nyumbani mpaka awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na cha Wizara ya Ulinzi. Akiirusha bila hivyo atawaponza wote, na barua yenu haitamtetea.

---

Karabai:

Shikamoo Mzee Bangwe. Naongeza upande wa saa na mwezi, maana hapo ndipo makundi mengi yanapokosea.

Usichague Jumamosi kwa kuangalia nani ana nafasi, angalia mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa takribani wiki moja ikiuzunguka mwezi mpevu, vyombo vingi vinalala nchi kavu. Ukipanga Jumamosi hiyo utakuta maanikio matupu na hakuna taa ziwani. Mwezi mwandamo ukitokea katikati ya wiki, Jumamosi inayofuata inafaa sana. Kama hamna budi kutoka wiki ya mbalamwezi, badilisheni somo: ndiyo siku za kushona nyavu, kuziba boti na kufungua mashine, na watu wana muda wa kuongea.

Jambo la pili ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kabla ya kutangaza safari ya miezi hiyo, uliza BMU ratiba ya mwaka huo.

Sasa jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunayotumia ni moja na Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa dakika 40 hivi ukilinganisha na la kule. Kalenda nyingi za ukutani zinaandika saa za Dar, na simu ambayo mahali pamezimwa inaweza kukuonyesha za huko pia. Makadirio ya hapa ni haya: mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza kama saa 12:35 asubuhi na kuzama saa 12:55 jioni. Katikati ya Februari linachomoza saa 1:05 asubuhi, linazama karibu saa 1:25 usiku. Julai linachomoza saa 1:10 na kuzama saa 1:05 usiku.

Lakini hizo ni saa za upeo ulio wazi. Mashariki yetu ni vilima, hivyo ufukweni mwanga wenyewe unafika baadaye kidogo, na jioni jua linajificha nyuma ya milima ya Kongo kabla ya saa iliyoandikwa. Wakati wa kiangazi linaweza kumezwa na ukungu wa vumbi na moshi wa mioto ya misitu likiwa bado juu ya milima, linakuwa duara jekundu halafu halipo. Anayetaka milima ya ng'ambo ionekane vizuri asubiri mvua zianze, siku inayofuata mvua kubwa hewa inakuwa safi.

Kwa ratiba ya asubuhi kusanyikeni saa 12:00 kamili, maana boti hazisubiri jua. Hicho kipindi cha kivuli kabla jua halijavuka vilima ni kizuri kwa nyuso, mwanga ni laini na hakuna anayekunja macho. Jua likishapiga mchanga mna kama saa moja na nusu ya mwanga wa pembeni unaochora magamba. Ikifika saa 3:30 fungeni. Jioni rudini saa 11:00, kaeni mpaka saa 2:00 usiku. Huku kwetu usiku unaingia haraka: jua likizama mna dakika 20 hivi za anga ya buluu, na hapo ndipo taa zinapoanza kuwashwa.

Safari ya asubuhi na jioni siku moja inachosha. Kwa mara ya kwanza chagueni mojawapo. Mimi ningechukua asubuhi.

---

Fundi Shata:

Nitaongelea vifaa, na nitaanza na simu kwa sababu ndizo nyingi.

Futa lenzi ya simu kwa kitambaa safi kabla ya kila sehemu mpya. Mwaloni kila mtu anashika mafuta ya samaki, na alama moja ya kidole inafanya jua la asubuhi litoe utando mweupe kwenye picha nzima. Bonyeza na kushikilia juu ya kitu unachopiga mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu telezesha kidole kupunguza au kuongeza mwanga. Usikuze kwa vidole, sogea. Machweo yenye vivuli vya watu: zima HDR, ile hali ya kusawazisha mwanga na giza, la sivyo simu itajitahidi kukung'arishia vivuli na boti zitakuwa za kijivu.

Dagaa walioanikwa wanaidanganya kamera. Eneo lote likiwa jeupe linalong'aa, kipimo cha mwanga kinadhani mwanga umezidi na kinaitia giza picha, fedha inakuwa kama sementi. Ongeza +0.7 hadi +1 kwenye fidia ya mwanga. Ila jua likishapanda juu, magamba yanarudisha mwanga moja kwa moja na hayo madoa meupe hakuna programu itakayoyaokoa. Ndiyo maana Karabai anasema fungeni saa 3:30.

Lenzi ya 18-55 inatosha kabisa. Kwa watu kazini tumia 35 hadi 55, tundu la lenzi f/5.6, shata (muda wa kuingiza mwanga) isiwe chini ya 1/250 ya sekunde kwa sababu mikono ya wapakiaji inakwenda kasi, na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) iachie ipande mpaka 1600 kabla jua halijatoka. Wapo wanaoogopa chengachenga za ISO kubwa wakashusha shata hadi 1/30. Chengachenga zinavumilika, picha iliyotikisika haitengenezeki.

Machweo anza na f/8, 1/250, ISO 100, ukipima anga pembeni mwa jua, halafu rekebisha. Usilitazame jua kupitia kioo cha kamera ya DSLR ukiwa na lenzi ndefu, jicho linaungua. Tumia skrini ya nyuma, na usiiache lenzi imeelekea jua dakika nzima.

Taa za wavuvi kutoka nchi kavu: tripodi, f/2.8 au tundu kubwa kabisa ulilonalo, sekunde 1, ISO 1600. Wengi huweka sekunde 10 au 15 kwa sababu wameona picha za nyota. Chombo kinayumba juu ya maji, kwa hiyo ukipita sekunde 3 au 4 kila taa inakuwa mnyoo. Wenye 18-55 wakiwa kwenye 18 watakuwa kwenye f/3.5, wapandishe ISO hadi 2500; wakiwa kwenye 55 tundu linakuwa f/5.6, wapandishe hadi 6400. Fokasi iwe ya mkono: lenga taa moja ya mbali kwa skrini iliyokuzwa, funga, usiguse tena. Rangi: taa nyingi siku hizi ni za LED, nyeupe, ukikuta karabai halisi katikati yake itaonekana ya machungwa. Weka mizani ya rangi kwenye alama ya jua (karibu 5200) na uiache hapo. Ikiwa kwenye otomatiki kila picha itakuja na rangi yake. Wenye simu waegemeze simu kwenye mfuko mdogo uliojazwa mchanga, watumie hali ya usiku ya sekunde 1 hadi 3 na kipima muda cha sekunde 2, ili kidole kisitikise.

Vinavyoharibika: mchanga mwembamba ukiingia kwenye pete ya kukuzia utasikia unasaga. Usibadilishe lenzi ufukweni pakiwa na upepo. Ingia ndani ya duka au geuzia upepo mgongo, mwili wa kamera ukiangalia chini. Vumbi kwenye kihisio huonekana zaidi kwenye f/11 na f/16 kama madoa ya mviringo angani, basi kabla ya safari piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 ujue uliyonayo. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, tone likiruka lisikutie kiwewe: kausha kwa kitambaa. Kamera ikizama ni jambo lingine. Toa betri papo hapo, usiiwashe kujaribu, na habari za kuifukia kwenye mchele sahauni, unga wake unaingia ndani. Pakiti za silika kwenye boksi linalofunga vizuri zinafanya kazi kuliko mchele.

Kila mtu na betri 2, memori kadi iliyofutwa ndani ya kamera yenyewe, pawabenki kwa wenye simu, na mfuko wa nailoni mnene. Viatu vya kufunika vidole. Mchanga wa pale una miba ya samaki na ndoano.

---

Mwisho wa Reli:

Nakubaliana na mengi ila hizo timu za kubadilishana kila dakika 40 sizitaki. Ndani ya dakika 40 mtu ndiyo kwanza anazoeleka kwenye kichanja kimoja, unamwondoa. Bora kila timu ibaki mahali pamoja asubuhi nzima, halafu mwezi mwingine ibadilishe. Picha nzuri za mwaloni zinakuja pale watu wanapochoka kukuangalia.

Na watu 12 ni wengi hata mkiwagawa. Safari ya kwanza chukueni 8. Wanne wa mwisho kujiandikisha waende ya pili.

Kuhusu wenye simu kujisikia wadogo: wapeni wote kazi moja ambayo kifaa hakiamui. "Mikono tu, bila nyuso." Au "picha 1 ya karibu, 1 ya kati, 1 ya mbali, za kazi ile ile." Ukisema "pigeni chochote", mwenye lenzi ndefu anashinda kila mwezi na wengine wanaacha kuja. Tena kazi ya mikono inawasaidia kwa yale ya Mzee Bangwe, maana anayekataa uso kupigwa mara nyingi hakatai mikono. Lakini muulizeni.

Ujiji ni rahisi kuliko Kibirizi, na kwa kweli ningeanzia huko. Kutoka mjini ni kama kilomita 8, daladala zipo. Fikeni saa 9:00 alasiri kwenye makumbusho ya Livingstone, pale ambapo Stanley alimkuta mwaka 1871. Kuna kiingilio, ulizeni getini kuhusu kamera, na msimalize muda wote kwenye sanamu. Kinachopigika zaidi ni miembe na kivuli chake, na somo zuri hapo ni utofauti wa mwanga: chini ya mwembe na nje kwenye jua ni mbali mno, kamera itakupa kimoja tu. Pimeni kwa uso wa mtu aliye kivulini, muache nje iwe nyeupe, au mgeuke muweke shina la mti nyuma yake.

Kisha teremkeni taratibu kwenda ufukweni kwenye mafundi wa boti za mbao. Ikifika saa 11:00 mwanga unatoka ziwani, unawapiga mafundi usoni, na fundi anayetia kalafati, yaani anayeziba mianya ya mbao, anakaa sehemu moja muda mrefu, kwa hiyo hata mwenye shata ya 1/60 anapata picha. Mafundi hao hawana hofu ya doria kama wavuvi. Wanataka tu usikae juu ya mbao wala usimkanyagie vifaa.

Ujiji ni mji wa Waislamu, mvae kwa heshima, msipige ndani ya msikiti wala mlangoni watu wakiingia kuswali. Adhana ya magharibi inagongana na machweo. Wanaoswali kwenye kundi waambiwe mapema wapi watasimama, na ratiba iwaachie nafasi, wasilazimike kuchagua.

Halafu kagueni njia wiki moja kabla, Ujiji na Kibirizi pia. Maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii na sehemu za ufukwe zilimezwa. Picha za mtandaoni zinazoonyesha mchanga mpana zinaweza kuwa za mahali ambapo leo ni maji mpaka magotini.

---

Binti Mwanga:

Asanteni sana, shikamoo Mzee Bangwe. Nimeshawishika: tutaanza Ujiji, watu 8, halafu Kibirizi asubuhi mwezi unaofuata baada ya kuangalia mwandamo. Nina maswali mawili. Pesa: kina mama wa maanikio wakiomba chochote tuwape? Na wapo wanaosisitiza tukodi boti usiku tukapige taa kwa karibu.

---

Dada Katonga:

Mpendwa, usilipe mtu mmoja mmoja. Ukimpa mama mmoja shilingi 2,000, wa kichanja cha pili atauliza kwa nini yeye hakupata, na kundi linalokuja nyuma yenu litadaiwa. Nunueni kitu chao. Kila mmoja wenu akinunua kisado au hata fungu moja la dagaa kwa bei anayouza kwa wote, amepata mteja na hakuna aliyeonewa. Nunueni mwisho, mkianza nayo mtatembea na harufu kwenye begi la kamera.

Deni lenu kubwa ni picha. Tengeni fungu la kusafisha picha: kwa watu 8 mkichanga 3,000 kila mmoja mnapata 24,000, nendeni nayo studio mkaulize bei ya saizi ya postikadi, mchague kadri inavyotosha na mzirudishe ndani ya wiki 2. Andikeni nyuma ya kila picha jina na kichanja mahali ilipopigwa, la sivyo mtazunguka na bahasha mkiuliza "huyu ni nani" mpaka mchoke. Mkirudisha mara moja, safari ya pili mtaitwa. Mkiahidi msirudishe, msirudi.

Mchango ulipwe kabla ya Alhamisi na usirudishwe mtu akighairi Ijumaa. Bila hivyo utaandaa watu 8 waje 3. Nauli na chai kila mtu ajitegemee, hesabu za chapati zinavunja vikundi.

Namna ya kuomba: salimia kwanza kama unavyosalimia watu, wazee kwa shikamoo, uliza habari za kazi, kamera ikiwa begani. Sema jina lako na kikundi, onyesha picha moja au mbili ulizopiga mahali pengine ili aone unachotaka, ndipo uombe. Akisema "baadaye" maana yake hapana, mshukuru uende. Watoto hawapigwi mpaka mzazi au mlezi aseme ndiyo, hata kama wenyewe wanakukimbilia na kujipanga. Watoto waliojipanga hawaishi, picha moja inazaa ishirini.

Usiruke wala kukanyaga dagaa walioanikwa, na usimame mbali mguu wako usirushe mchanga juu yao. Mchanga ukiingia, bei inashuka. Msimu wa mvua angalieni anga kama wanavyoangalia wao: wingu likija wanaanza kukusanya mbio, na hapo weka kamera chini ushike upande wa turubai. Picha ya mbio hizo ni nzuri, najua, lakini mmoja apige na watatu wasaidie.

Kabla ya kuweka sura ya mtu kwenye ukurasa wa umma muulize tena, ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza. Siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

---

Karabai:

Boti usiku, hapana. Si kwa safari za mwanzo. Wavuvi wako kazini, nyavu zimezama, mara nyingi ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja wavu ukiwa katikati, na injini yenu ikipita jirani samaki walioanza kukusanyika kwenye taa wanatawanyika. Mmewaharibia usiku mzima kwa picha ambayo, kwa sababu boti yenu nayo inayumba, haitatoka: tripodi ndani ya boti haina maana, na kwa mkono utahitaji angalau 1/125, mwanga hautoshi. Kaeni mwinuko wowote wenye ruhusa juu ya ufuko, lenzi kwenye 55, msubiri taa zijipange.

Mkitaka boti, kodini ya mchana, asubuhi, mkipita sambamba na ufuko. Kiangazi upepo wa kusi unainua mawimbi, muulizeni nahodha usiku uliotangulia na tena asubuhi. Akisita, ahirisheni. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, limevaliwa na kufungwa. Idadi iwe chini ya uwezo wa boti, kwa sababu wapiga picha wana tabia ya kuhamia upande mmoja wote mara ndege anapotokea. Kiongozi agawe viti: wanne kulia, wanne kushoto, hakuna kusimama. Shata 1/1000 kwenda juu.

---

Fundi Shata:

Binti, la mwisho kuhusu picha zenyewe baada ya safari, maana WhatsApp ndiyo itakayowaharibia. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa, inabaki nzuri kwa skrini tu, ikienda studio inatoka na ukungu. Tumeni kama hati, lile chaguo la faili. Kila mtu picha 5, si 50, mwisho Jumatano saa 3 usiku, jina la faili liwe tarehe, mahali, herufi za mpigaji na namba ya picha: 2-Ujiji-BM-01. Asiyefikisha anangoja mwezi ujao. Zenye sura za watu ziondolewe taarifa za mahali kabla hazijatoka nje ya kundi.

Kwenye kuzijadili, mwenye picha akae kimya kwanza. Wengine waseme jicho lao lilienda wapi, nini kingeondolewa pembeni, na mpigaji alipaswa kusimama wapi. Hapo ndipo naye aeleze, pamoja na namba zake za shata na ISO. "Kali sana" na vidole gumba vifungiwe mpaka Ijumaa.

Na mmoja wenu abebe kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza chenye kibano cha kutolea miba. Kwa Kibirizi kitatumika.